Baharia akiwa safarini: waifai ya meli, laini ya bandarini, simu ya setilaiti au ofisi ya kampuni?

Mtu akisaini mkataba wa miezi sita au tisa kwenye meli ya mizigo, familia hubaki na swali ambalo wakala aliyempeleka mara nyingi halijibu: tutampata vipi? Jibu hutegemea aina ya meli, njia inayopita na zamu anayoshika. Simu ya bei kubwa haibadilishi hata moja kati ya hayo.

Ulinganisho huu umeandikwa kwa familia za mabaharia wa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar, ambazo ndugu zao wako kwenye meli za mizigo, za mafuta, za watalii au za uvuvi. Msimamo wetu tunauweka mbele: chagueni njia mbili. Ya kwanza iwe ya kila siku, nafuu, ambayo ikikatika hakuna anayeshtuka. Ya pili iwe ya dharura, isiyotegemea simu yake ya mkononi hata kidogo. Nyumba nyingi zina ya kwanza tu, ndiyo maana mtandao ukipotea siku nne mama halali na watu wanaanza kupiga simu kwa waganga na kwa wakala usiku wa manane.

Waifai ya meli

Hii ndiyo njia ya kila siku kwa mabaharia wengi leo. Meli hupata intaneti kutoka kwa setilaiti za aina mbili, na tofauti yake utaisikia sikioni. Aina ya zamani hutumia setilaiti zinazobaki mahali pamoja juu ya ikweta, karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini. Sauti inapanda mpaka huko na kushuka kabla ya kufika nyumbani, kwa hiyo jibu lake linakufikia baada ya nusu sekunde au zaidi. Asiyejua hudhani hajasikika, anarudia, na mwenzake tayari ameanza kujibu. Mnagongana maneno mpaka bando linaisha. Zungumzeni kama kwenye redio ya upepo: sema yako yote, nyamaza, msubiri amalize.

Aina ya pili, kama Starlink, iliyoanza huduma za meli mwaka 2022, hutumia maelfu ya setilaiti zinazopita chini, takriban kilomita 550 juu. Huko simu ya video inapita bila kuchelewa. Meli ikiwa na huduma hii na kampuni ikawapa mabaharia mgao wa kutosha, nusu ya shida zilizotajwa katika ukurasa huu hazitawahusu.

Hata hivyo, kuwa na antena si sawa na kuwa na mawasiliano. Wafanyakazi ishirini na kitu wanagawana mtandao mmoja, na wote hutoka kazini na kula chakula cha jioni karibu saa zilezile. Kuta za meli ni za chuma, hivyo waifai inayoshika vizuri messi, yaani chumba cha kulia, inaweza isifike kabini kabisa. Ukimwona anapiga akiwa amesimama kwenye korido, sababu ndiyo hiyo. Kwa setilaiti za juu, meli ikigeuka upande fulani mlingoti au bomba la moshi linaweza kukinga antena, na mvua kubwa nayo hukata mawimbi. Kuna kampuni zinazoruhusu ujumbe wa maandishi na kuzuia simu. Na ziko nchi zisizoruhusu baadhi ya huduma za setilaiti katika maji yao, kwa hiyo nahodha huzima antena meli ikikaribia bandari. Hapo ndipo familia hushangaa: alipokuwa katikati ya bahari alipatikana, amefika bandarini amepotea.

Siku ya kwanza melini aulize na awaandikie nyumbani: mtandao ni wa aina gani, mgao ni MB ngapi kwa mwezi au kwa siku, akimaliza ananunua kwa bei gani, na simu zinaruhusiwa au ni maandishi tu. Ana haki ya kuuliza. Marekebisho ya Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 yaliyoanza kutumika tarehe 23 Desemba 2024 yanataja wazi mawasiliano ya kijamii miongoni mwa huduma za mabaharia melini, na mwongozo wake unawataka wenye meli watoe intaneti kadiri inavyowezekana, na ikiwa kuna malipo yawe ya kiasi. Mwongozo haumlazimishi mwenye meli kutoa bure, lakini unampa baharia mahali pa kusimama anapouliza.

Sasa hesabu ya bando, maana hapa ndipo wengi wanapoteza. Kwa makadirio, simu ya video ya WhatsApp hula kama MB 5 kwa dakika, simu ya sauti karibu nusu MB, na ujumbe wa sauti uliorekodiwa hauzidi sana kilobaiti 150 kwa dakika. Ukipewa MB 250 kwa mwezi, unapata dakika 50 za video, au dakika 500 za simu ya sauti, au zaidi ya dakika 1,600 za ujumbe wa sauti. Kwa meli yenye mgao mdogo, ujumbe wa sauti ndio mshindi bila ubishi. Hauhitaji nyote wawili muwe macho kwa wakati mmoja, hausumbuliwi na kuchelewa, mtandao ukikatika katikati unajituma wenyewe baadaye, na mtoto anaweza kusikiliza sauti ya baba yake mara kumi bila kutumia hata senti. Video iwekwe kwa siku za bandarini, sikukuu na siku ya kuzaliwa.

Adui mkubwa wa bando lake huwa ni kundi la ukoo. Video moja ya harusi yenye MB 16 ikitumwa kwenye kundi, na simu yake ikaipakua yenyewe, imemnyang'anya nusu saa ya kuongea na mkewe. Azime upakuaji wa picha na video katika mipangilio ya WhatsApp, awashe kile kipengele cha kutumia data kidogo wakati wa simu, azime nakala za picha zinazopanda mtandaoni na masasisho ya programu. Nyumbani nanyi mfungue kundi dogo la watu wanne au watano, lisilo na vichekesho wala mialiko. Picha ya mtoto anayeanza shule inatosha; si lazima ije na ishirini nyingine.

Jueni pia maana ya tiki moja. Ujumbe ambao haujamfikia hukaa kwenye seva za WhatsApp siku 30, kisha hufutwa. Kama amekaa zaidi ya mwezi bila mtandao, yale mliyomwandikia mwanzoni hatayaona kamwe, na yeye hatajua kuwa mlimwandikia. Jambo zito lililoandikwa wakati wa kimya kirefu liandikwe tena. Akaunti nayo ikikaa siku 120 bila kutumika inaweza kufutwa.

Tatizo linalowakuta wengi ni simu kuanguka na kuvunjika baharini. Akinunua nyingine kwa mwenzake, WhatsApp itataka namba ya uthibitisho, na namba hiyo hutumwa kwenye laini ya Kenya au Tanzania ambayo huko haina mtandao. Suluhisho liandaliwe kabla ya safari, na linaweza kuwa la namna mbili. Anaweza kuacha laini nyumbani kwa mtu anayemwamini kabisa, ili namba ikija isomwe na kutumwa kwa barua pepe ya meli. Hasara yake ni kwamba aliye na laini ana mlango wa M-Pesa na wa benki. Au asafiri na laini yake lakini aunganishe WhatsApp kwenye kompyuta au kishikwambi cha pili kabla hajaondoka. Simu kuu ikikaa zaidi ya siku 14 bila kutumika, vifaa hivyo hutolewa, kwa hiyo hiyo ni akiba ya wiki mbili tu. Kwa mke na mume wanaoaminiana tunapendekeza laini ibaki nyumbani, na PIN ya hatua mbili iwekwe na wote wawili waijue.

Laini ya bandarini

Meli ikifunga gatini au ikitia nanga karibu, mtandao wa nchi kavu ndio wa haraka na wa bei nafuu kuliko wote. Mnara wa simu hufika kilomita kumi hadi ishirini na kitu baharini ukiwa staha ya juu, na simu za kawaida ni nadra kuzidi kilomita 35 hata hali ikiwa nzuri. Ukitia nanga karibu na pwani unashika. Ukiwa njia kuu ya meli huna kitu.

Ubaya wake ni kwamba meli za makontena hazikai. Saa kumi na mbili, pengine ishirini, na yeye muda huo huo yuko kazini kwa sababu bandarini ndiko kazi ziliko. Laini anauziwa na wachuuzi wanaopanda melini kule Suez, au na kituo cha mabaharia kama cha Mission to Seafarers au Stella Maris, ambavyo vipo katika bandari nyingi na huwa na waifai ya bure au ya bei ndogo. Mombasa nayo ina kituo cha namna hiyo kwa mabaharia wa kigeni.

Njia mbadala ni eSIM ya data, yaani laini isiyo na kadi, inayonunuliwa mtandaoni. Haina namba ya simu, ni data peke yake, na WhatsApp hubaki kwenye namba ya zamani. Kosa la kawaida ni kuinunua baada ya kufika: kuisakinisha kunahitaji intaneti, ile ile ambayo hana. Aisakinishe akiwa bado na waifai ya meli, aiwashe akifika.

Kuna nchi mbili ambazo familia zetu hukwama nazo sana. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, yaani Jebel Ali, Fujairah na Khor Fakkan, simu za WhatsApp hazipiti kwenye mtandao wa huko, ila maandishi na ujumbe wa sauti hupita. Mkipiga mara sita na simu hailii, msidhani amewakatia. Uchina ni zaidi: WhatsApp haifunguki kabisa kwa laini ya huko. WeChat hufanya kazi, lakini ifunguliwe mapema na pande zote mbili, maana usajili wake mara nyingi hutaka mtumiaji wa zamani amthibitishe mpya. Laini ya nje iliyo kwenye roaming kwa kawaida hupita vikwazo hivyo, ila kwa gharama.

Kwenye meli za watalii kuna mtego mwingine. Meli nyingi za namna hiyo zina mnara wao wa simu ndani, unaounganishwa na setilaiti. Simu ikiachwa wazi hujiunga nao yenyewe na kuanza kukata pesa kwa viwango vya baharini. Simu iwekwe hali ya ndegeni tangu meli inang'oa nanga, kisha iwashwe waifai peke yake.

Simu ya setilaiti na vocha za melini

Meli za zamani bado zina simu ya setilaiti ya wafanyakazi, inayotumia kadi ya vocha yenye namba za siri. Kadi hununuliwa kwa nahodha na kukatwa kwenye mshahara. Ubora wa sauti ni mzuri, ila ni ghali kwa dakika, kwa hiyo aandike anachotaka kusema kabla ya kupiga. Kwa familia, sheria ni moja: asubiriwe apige yeye. Namba zinazoanza na +870 ni za Inmarsat, +8816 na +8817 ni za Iridium, na +88216 ni za Thuraya. Ukizipiga kutoka laini ya kawaida, unatozwa dola kadhaa kwa kila dakika. Matapeli nao wanalijua hilo na hupiga mara moja na kukata ili urudishe. Ukiona namba ya namna hiyo na huitambui, iache.

Je, ni busara kumnunulia ya kwake? Kwa baharia wa meli ya mizigo, hapana. Simu hizo zinahitaji kuona mbingu wazi, hazishiki ndani ya kabini, na kifaa pamoja na muda wa maongezi hugharimu kuliko mgao wa ziada wa intaneti ya meli. Zaidi ya gharama kuna hatari: India inakataza kumiliki simu za Iridium na Thuraya bila kibali, na wageni wamekamatwa kwa kukutwa nazo. Baharia anayeweza kujikuta Mundra au Chennai asibebe kitu hicho kwenye begi.

Inapofaa ni kwenye mashua binafsi, boti za uvuvi wa mbali na safari zisizo na intaneti kabisa. Iridium, yenye setilaiti 66, inashika dunia nzima hadi kwenye ncha. Thuraya haifiki Amerika. Kwa kazi hiyo tunapendelea kifaa kidogo cha ujumbe kama Garmin inReach kuliko simu yenyewe: kinatuma maneno yasiyozidi herufi 160, kinaonyesha mahali kilipo, betri yake inadumu siku nyingi, na kina kitufe cha kuomba msaada.

Barua pepe ya meli

Haipendwi kwa sababu haina mbwembwe, lakini ndiyo inayofika pale WhatsApp inaposhindwa. Kila meli ina anwani yake, na ujumbe wa maandishi matupu ni mdogo kiasi kwamba hata mtandao mbovu kabisa unaupitisha. Mambo mawili tu. Usiweke picha, kwa sababu mifumo mingi ya meli huzuia au kuchelewesha viambatanisho vikubwa, na anayetuma haambiwi. Na ukumbuke kuwa anwani ya meli husomwa na nahodha au afisa mwingine kabla ya kumfikia mwenyewe. Andika kichwa chenye jina kamili na cheo chake, kisha mambo mafupi yasiyo ya siri. Ugomvi wa ndani na habari za pesa zisubiri.

Kwa mtazamo wa haraka:

| Njia | Inafaa kwa | Mlipaji | Inafeli wapi |
|---|---|---|---|
| Ujumbe wa sauti, waifai ya meli | Kila siku, watoto | Baharia au kampuni | Antena ikizimwa, mgao ukiisha |
| Simu ya video, waifai ya meli | Meli zenye Starlink | Baharia au kampuni | Saa za msongamano, mgao mdogo |
| Laini au eSIM bandarini | Maongezi marefu | Baharia | Muda mfupi, vikwazo vya nchi |
| Simu ya setilaiti | Mashua, uvuvi | Anayepiga | Ndani ya kabini, mipaka ya sheria |
| Barua pepe ya meli | Taarifa muhimu, akiba | Meli | Viambatanisho, hakuna faragha |
| Ofisi ya kampuni | Dharura | Hakuna | Msipokuwa na namba ya IMO (utambulisho wa meli) |

Saa ngapi?

Mawasiliano mengi hayakatizwi na mtandao, hukatizwa na saa. Meli hubadilisha saa zake inavyokwenda: kila nyuzi 15 za longitudo ni saa moja, nayo husogezwa usiku. Maafisa wa briji, chumba cha kuongozea meli, hushika zamu tatu, kwa kawaida 12–4, 4–8 na 8–12, mchana na usiku. Wa mashine wengine hufanya kazi za mchana, 8 hadi 17.

Chukua afisa wa pili, zamu ya 12–4. Meli ikiwa Singapore, saa zake ziko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa tano. Anatoka zamu 16:00 ya meli, ambayo nyumbani ni saa tano asubuhi. Kwa hiyo wakati wake mzuri wa kupigiwa ni kati ya saa tano na saa nane mchana, watoto wakiwa shule. Meli hiyo hiyo ikienda Santos, Brazil, itakuwa nyuma kwa saa sita. 16:00 yake ni saa nne usiku nyumbani. Ratiba iliyofanya kazi mwezi uliopita imevunjika, na hakuna aliyekosa. Mkipata safari mpya, kaeni mpange upya.

Kisha kuna ile saa yetu. Akiandika "nitapiga saa mbili", ni saa mbili ya Kiswahili au 2 ya saa ya meli? Ya asubuhi au ya usiku? Ya huku au ya huko? Mabaharia husoma saa za 24 mchana kutwa, nyumbani tunasema kwa mtindo wetu, na mkutano unakosekana kwa saa sita kamili. Kubalianeni kuandika hivi tu: "Mama Asha, nitapiga 20:00 ya nyumbani, saa mbili usiku." Namba zote mbili, kila mara.

Usimpigie dakika tano kabla ya zamu, na usimwamshe. Mkataba wa 2006 unamtaka apumzike angalau saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 kwa wiki. Saa hizo ndizo zinazomfanya asilale usingizini akiwa usukani.

Ramani za meli mtandaoni

MarineTraffic na VesselFinder huonyesha meli ilipo, na familia nyingi hukesha humo. Tafuteni kwa namba ya IMO, tarakimu saba, kwa sababu jina la meli linaweza kubadilika na meli mbili zinaweza kufanana jina. Namba hiyo haibadiliki hata meli ikiuzwa au ikibadili bendera.

Zinasaidia kujua lini atafika bandarini. Hazisaidii kujua kama yuko salama, na hapo ndipo tunapowaonya. Huduma ya bure hutegemea antena za nchi kavu zinazosikia meli kwa takriban maili 40 za baharini. Ikitoka hapo, ukurasa utabaki na mahali pa mwisho, siku sita zilizopita, na mtu asiyejua ataona meli imesimama katikati ya bahari. Haijasimama. Imetoka masikioni mwa antena. Taarifa za setilaiti zipo lakini huuzwa.

Sehemu ya mwisho wa safari huandikwa kwa mkono na afisa, kwa hiyo huweza kuwa ya zamani. Mara nyingi ni kifupi: KEMBA ni Mombasa, TZDAR ni Dar es Salaam, SGSIN ni Singapore. Muda wa kuwasili huandikwa kwa saa za kimataifa, UTC. Ongeza saa tatu kupata za kwetu. Wakati mwingine utaona maandishi kwamba kuna walinzi wenye silaha melini, hasa Ghuba ya Aden. Hayo ni ujumbe kwa maharamia, si tangazo la shambulio.

Katika Bahari Nyekundu na Ghuba ya Aden, ambako mashambulizi ya Wahouthi dhidi ya meli yalianza Novemba 2023, manahodha wengi huzima kifaa cha kuonyesha meli, na baadhi ya kampuni hufunga pia intaneti ya wafanyakazi mpaka wapite. Kwingineko mawimbi ya GPS hupotoshwa na meli ikaonekana iko uwanja wa ndege. Kubalianeni neno moja atakalotuma kabla ya kuingia eneo hilo, lisilo na tarehe wala njia, na mjue kimya cha siku kadhaa baada yake ni cha kawaida. Msiweke njia ya meli Facebook. Familia za wanamaji wa kijeshi zina sababu kubwa zaidi ya kunyamaza: tarehe ya kuondoka na kurudi haziandikwi popote, na maelekezo ya kikosi ndiyo yanayofuatwa, hata kama majirani wanauliza.

Meli za uvuvi

Hapa hali ni tofauti na wengi hawaambiwi. Mkataba wa 2006 hauhusu meli za uvuvi. Mkataba namba 188 wa ILO, Shirika la Kazi Duniani, ndio unaozihusu, nao unataka wavuvi wapate njia ya kuwasiliana kwa bei isiyozidi gharama halisi ya mwenye meli, lakini nguvu yake hutegemea nchi ya bendera. Meli za kuvua jodari zinaweza kukaa baharini miezi mingi, zikihamishia samaki kwenye meli nyingine bila kugusa bandari. Kabla ya kusaini, aulize wazi kama kuna intaneti ya wafanyakazi, meli itaingia bandari gani na baada ya muda gani. Jibu likiwa "utaona hukohuko", mchukulie kama amejibiwa hapana, na kifaa cha ujumbe cha setilaiti kinakuwa na maana.

Ofisi ya kampuni, na habari za msiba

Kila kampuni ya meli za kimataifa ina mtu wa nchi kavu anayepatikana saa zote kwa mambo ya usalama wa meli. Kanuni za usimamizi salama wa meli zinalazimisha awepo. Jina na namba yake hubandikwa melini. Baharia aipige picha siku ya kwanza na aitume nyumbani, pamoja na jina la meli, namba ya IMO, bendera, jina la kampuni inayoiendesha (si wakala wa hapa tu), cheo chake, namba ya pasipoti na ya kitabu cha baharia, na nakala ya mkataba. Mkikosa namba ya IMO na jina la kampuni, Mamlaka ya Bahari ya Kenya, TASAC (shirika la uwakala wa meli Tanzania) au Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar watahangaika bure kuwasaidia. Kwa ushauri wa bure, shirika la ISWAN lina huduma ya simu ya mabaharia na familia zao saa 24.

Ofisi ndiyo njia yetu kwa habari ya kifo. Tunajua mazoea: dakika kumi baada ya mzee kufariki, makundi yamejaa Inna lillahi na pole. Baharia anafungua simu kupanda briji saa sita usiku na anakutana na jina la baba yake humo, peke yake, na meli ya tani elfu hamsini mikononi. Basi mtu mmoja wa familia ashike jambo hili. Kwanza awaombe ndugu wasiandike kitu kwenye kundi lolote alilomo. Pili aipigie ofisi, aombe nahodha ampumzishe zamu na amwite faragha. Kisha, akishaambiwa na kuna mtu karibu naye, apigiwe na mmoja tu wa nyumbani, kaka mkubwa au mama, kwa simu ya sauti. Kumficha mpaka arudi ni uamuzi wa kila familia, lakini siku hizi haukai siku mbili kabla mtu hajaandika.

Na akija mtu na namba mpya akisema ni yeye, amekwama bandarini, anataka pesa za haraka kwa M-Pesa, msimtumie mpaka asikike sauti yake au ajibu swali mlilokubaliana kabla ya safari. Baharia aliye kazini hulipiwa nauli, chakula na matibabu na mwajiri. Hitaji la ghafla la pesa kutoka nyumbani ni nadra sana.

Wiki moja kabla hajaondoka, tumeni barua pepe ya majaribio kwa anwani ya ofisi mliyopewa, mkieleza tu kuwa ninyi ni familia ya fulani na mnaomba anwani ya barua pepe ya meli. Ikirudi na ujumbe wa kosa, au ikakaa siku tatu bila jibu, wakala adaiwe anwani nyingine wakati kijana bado yuko nyumbani.